Kifo cha Spock: Star Trek ilipovunja kanuni ya "stelingi hafi"

Yeyote aliyekulia kwenye filamu anaijua kanuni hii kabla hata hajajua majina ya waigizaji: stelingi hafi. Atapigwa, atatumbukizwa majini, jengo litamwangukia, lakini dakika za mwisho utamwona anajikongoja kutoka kwenye moshi. Kwenye filamu za anga za juu zinazoendelea miaka nenda miaka rudi kanuni hiyo inakaza zaidi, kwa sababu sura ya stelingi ndiyo inayouza tiketi za filamu inayofuata. Kumuua ni kuua mtaji.

Tarehe 4 Juni 1982 Star Trek II: The Wrath of Khan iliingia kwenye majumba ya sinema, na ndani yake Spock, yule afisa wa chombo cha anga mwenye asili ya sayari ya Vulcan, akafa. Alikufa mbele ya macho yetu, taratibu, akaagana na rafiki yake, akazikwa. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa sababu kinajibu swali ambalo mashabiki hatuachi kugombana juu yake: mtunzi aliyekabidhiwa hadithi ambayo watu wameipenda kwa miaka ana ruhusa ya kuivunjavunja kiasi gani? Mimi nashikilia kwamba ana ruhusa kubwa kuliko tunavyodhani, mradi alipe gharama ya anachokivunja. Watu waliomuua Spock walilipa, na hata walipoamua kumrudisha walilipa tena.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966 na ikasimamishwa mwaka 1969, baada ya misimu mitatu na vipindi 79. Marudio yake ndiyo yaliyoizalia mashabiki wengi. Mwaka 1979 studio ya Paramount ikatoa filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Robert Wise na kugharimu zaidi ya dola milioni 40. Iliingiza pesa nzuri, karibu dola milioni 139 duniani kote, lakini watu walitoka ukumbini wamepooza. Ilikuwa ndefu na ya polepole, yenye dakika nyingi za kukitazama chombo chao cha anga, Enterprise, kutoka nje kana kwamba wahusika wenyewe wamesahaulika. Mtu aliyeipenda tamthilia alikuwa amezoea kuwasikia nahodha Kirk, Spock na daktari McCoy wakibishana kama ndugu wa tumbo moja. Kwenye filamu ile walikuwa kama watu waliokutana kwenye foleni.

Studio ilitaka filamu ya pili, ila kwa pesa kidogo. Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, aliondolewa kwenye usukani akapewa cheo cha mshauri, na kazi akapewa Harve Bennett, mtayarishaji aliyetokea kwenye televisheni. Bennett hakuwa shabiki wa Star Trek. Basi akafanya jambo la heshima ambalo wengi wanaorithi hadithi za wenzao hawalifanyi: alikaa chini akavitazama vipindi vyote vya zamani.

Humo ndani akakutana na kipindi cha Februari 1967 kiitwacho "Space Seed". Khan, mbabe aliyeumbwa kwa ufundi wa vinasaba, anajaribu kumpora Kirk chombo chake. Anashindwa, na badala ya kumfunga, Kirk anamwacha yeye na watu wake kwenye sayari pori wakajijengee maisha. Mwishoni Spock anasema ingependeza kurudi huko baada ya miaka mia kuona mbegu iliyopandwa siku ile imezaa nini. Kipindi kikaisha, watu wakalala, swali likabaki linaning'inia kwa miaka 15.

Bennett aliona kwamba lile swali ni deni. Kirk alimtelekeza mtu porini na hakurudi hata siku moja kumjulia hali. Katika hadithi ya filamu, sayari ya jirani imelipuka, mazingira yameharibika, na baadhi ya watu wa Khan wamekufa, mke wake akiwemo. Hasira ya Khan inatoka kwenye jambo ambalo Kirk alilifanya kweli, na tulimwona akilifanya, tukampigia makofi. Adui wa aina hiyo huwezi kumbuni kwenye kikao cha wiki moja. Inabidi uvitazame vipindi 79.

Upande wa pili kulikuwa na tatizo la Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock. Mwaka 1975 alikuwa amechapisha kitabu ambacho kichwa chake kilisema wazi kwamba yeye si Spock, na sasa hakuwa na hamu ya kuyavaa tena yale masikio yenye ncha. Bennett akamrushia chambo ambacho mwigizaji wa kweli ni vigumu kukikataa: rudi, nitakupa kifo kizuri. Nimoy akakubali.

Hapa niseme ukweli, maana ni rahisi kukipamba kisa hiki hadi kikapoteza uhalisia. Uamuzi huu tunaouita wa kijasiri haukuzaliwa na falsafa yoyote ya sanaa. Ulizaliwa na bajeti iliyobana na mwigizaji aliyetaka kuondoka. Mabadiliko mengi makubwa kwenye mifululizo hii huanza hivyo hivyo: mkataba umeisha, mtu amezeeka, mtu amegoma. Kinachotofautisha kazi njema na mbovu ni kile kinachofanyika baada ya hapo.

Na kidogo ifanyike vibaya. Katika rasimu ya awali ya Jack Sowards, Spock alikufa mapema ili kumshtua mtazamaji, kisha hadithi ikaendelea bila yeye. Halafu siri ikavuja. Mashabiki wakaja juu, barua zikamiminika studio, Roddenberry naye akapinga. Siri ikishavuja mshtuko hauna kazi tena, kwa hiyo mpango mzima ulikuwa umeharibika kabla kamera haijawashwa.

Ndipo akaingia Nicholas Meyer, mwongozaji ambaye naye alikuwa mgeni kabisa wa Star Trek. Alikuta rasimu kadhaa za waandishi tofauti, hakuna iliyokamilika. Akawaomba Bennett na wenzake wataje kila kitu walichokipenda kwenye rasimu zote, tukio, mhusika, hata mstari mmoja wa mazungumzo, akajifungia na orodha hiyo kwa siku 12 na kutoka na skripti, ambayo hata jina lake halikuwekwa kama mwandishi. Kutoka kwenye tamthilia ya zamani alichukua hisia moja aliyoielewa vizuri: hawa ni mabaharia. Filamu ikajaa kengele, sare nyekundu za kijeshi, na vita vya vyombo viwili vinavyowindana kwenye wingu zito kama nyambizi.

Kile kifo akakisogeza hadi mwisho. Na lile tatizo la siri iliyovuja akalitatua kwa namna ambayo bado inanisisimua. Filamu inaanza na luteni kijana, Saavik, akiwa kwenye kiti cha nahodha. Wito wa msaada unaingia kutoka chombo kiitwacho Kobayashi Maru. Anakwenda kukiokoa, maadui wanatokea, mitambo inalipuka, na mmoja baada ya mwingine watu tunaowapenda wanaanguka. Spock anaanguka. Mtazamaji aliyesikia uvumi anajiambia: kumbe ndiyo hivi. Halafu mlango unafunguka, taa zinawaka, Kirk anaingia, na maiti zinanyanyuka zikijifuta vumbi. Lilikuwa zoezi la wanafunzi. Dakika chache baadaye Kirk anamkuta Spock nje na kumtania: hivi wewe si umekufa?

Kwa mzaha ule mmoja, uvumi wote wa mashabiki ukamalizwa nguvu. Watu wakashusha pumzi. Lakini zoezi lile halikuwa ujanja wa kupoza uvumi peke yake. Tunakuja kujua kwamba ni mtihani usio na jibu, uliotungwa kumpima afisa atakavyokabili kushindwa, na kwamba mtu pekee aliyewahi kuushinda ni Kirk, aliyeingia kwenye kompyuta akabadilisha masharti. Anajivunia hilo. Hakubali kwamba kuna hali isiyo na njia ya kutokea. Saavik anamwambia bila kupepesa: basi wewe hujawahi kukutana na kifo uso kwa uso. Kwa hiyo tukio la kwanza la filamu linamdai Kirk kitu, na kifo cha Spock ndicho kitakachokuja kudai malipo.

Tazama sasa tukio lenyewe. Khan ameshindwa, lakini kabla ya kufa amewasha bomu litakalofagia kila kitu jirani. Injini za Enterprise zimekufa. Spock anainuka kwenye kiti chake bila kumuaga mtu, anashuka kwenye chumba cha injini. McCoy anamzuia asiingie palipojaa mionzi. Spock anamminya bega, daktari anazimia. Anavaa glavu, anaingia, anafanya kazi huku ngozi ikiungua. Chombo kinaponyoka. Kule juu Kirk anageuka kumwangalia mwenzake na kukuta kiti kitupu.

Anakimbia kushuka. Wanamshika asifungue mlango, maana mionzi itaua kila mtu. Kati yake na Spock kuna ukuta wa kioo. Spock yuko chini, uso umeharibika, haoni vizuri. Anaposikia sauti ya Kirk anasimama kwa shida, na kabla ya kupiga hatua anaivuta sare yake chini, anainyoosha. Halafu anatembea na kujigonga kwenye kioo.

Ile namna ya kunyoosha sare ni ndogo, ukipepesa inakupita. Ila miaka yote ya Spock imo mle. Mtu aliyeishi kwa nidhamu, aliyezificha hisia zake kwa aibu na kwa heshima, hataki rafiki yake amwone amechakaa. Hakuna hotuba ingeweza kubeba hayo. Anamweleza Kirk kwamba mtihani wa Kobayashi Maru hakuwahi kuufanya hadi leo, na anamuuliza anaionaje suluhu yake. Anamwambia amekuwa rafiki yake siku zote na ataendelea kuwa. Anaweka kiganja kwenye kioo, vidole vimegawanyika kwa salamu ya watu wa Vulcan, na Kirk anaweka chake upande wa pili. Kisha mkono unateleza.

Hicho ndicho ninachokiita uthabiti wa hadithi. Ukimuuliza shabiki yeyote wa tamthilia ya 1966 Spock angekufaje, angekuambia hivi hivi: kwa hesabu, kwa utulivu, kwa ajili ya wengine. Na ukimuuliza Kirk angeumizwa na nini, si risasi, ni kushindwa kumwokoa mtu wake. Jambo ambalo halijawahi kutokea limetokea, na hakuna mhusika hata mmoja aliyegeuzwa mtu mwingine ili liwezekane.

Linganisha na kosa moja maarufu la filamu hiyo hiyo. Khan anapomwona Chekov, mmoja wa maafisa wa zamani wa Kirk, anamtambua mara moja, anasema hasahau sura. Tatizo ni kwamba "Space Seed" ilikuwa ya msimu wa kwanza, na Chekov aliingia kwenye tamthilia msimu wa pili. Hawakuwahi kuonekana pamoja. Mashabiki waliligundua siku nyingi, wakalijadili, wakalitafutia visingizio, wakaendelea kuipenda filamu. Naona hilo linafundisha kuliko kanuni yoyote ya uandishi. Tarehe ikikosewa, mtu anacheka na kusamehe. Angekosewa Spock, wasingesamehe.

Baada ya mazishi, Kirk yuko chumbani kwake. Siku ya kuzaliwa kwake, mwanzoni mwa filamu, McCoy alimpa miwani ya kusomea na Spock akampa kitabu cha zamani. Sasa anakifungua kile kitabu, anachukua miwani, kioo kimoja kimepasuka. Mwanawe David, ambaye hawajawahi kuelewana, anaingia, na Kirk anakiri kwake kwamba maisha yake yote alikikwepa kifo kwa ujanja na kujipongeza. Mtihani aliouibia majibu ujanani amekuja kuufanya uzeeni, na safari hii hakuna kompyuta ya kuichezea.

Watengenezaji wenyewe walitetereka, na hilo lazima lisemwe. Walipoionyesha filamu kwa watazamaji wa majaribio, watu walitoka na majonzi mazito. Ikaongezwa picha ya jeneza la Spock limetua salama kwenye sayari changa, kwenye majani, na sauti ya Nimoy ikisoma maneno ya ufunguzi wa tamthilia. Tena tayari kulikuwa na upenyo mwingine: wakati wa kupiga picha, kabla Spock hajaingia kwenye mionzi, anamwekea vidole usoni McCoy aliyezimia na kumwambia neno moja tu, akumbuke. Meyer hakupendezwa na mlango kuachwa wazi namna hiyo. Kwake, mtu akifa amekufa. Filamu ya tatu hakuiongoza.

Pesa zilikubaliana na studio. Wikiendi ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 14, rekodi kwa wakati huo, na jumla ikafika karibu milioni 79 Marekani Kaskazini, kwa bajeti ya takriban milioni 12. Nimoy akabadili mawazo, akakubali kurudi, safari hii akiwa mwongozaji.

Kwa haki kabisa unaweza kusema: basi ujasiri uko wapi kama marehemu amefufuka baada ya miaka miwili? Nilikuwa na mawazo hayo hadi nilipoitazama Star Trek III ya mwaka 1984 kwa makini. Kumrudisha Spock kunamgharimu Kirk kila alichobakiwa nacho. Anaasi amri, anaiba chombo chake mwenyewe. David anauawa. Kirk anapopata habari anarudi nyuma akitafuta kiti cha nahodha, anakikosa, anaanguka sakafuni mbele ya watu wake. Mtu huyu tumemwona kwenye kiti hicho tangu 1966, na leo hakioni. Baadaye analipua Enterprise kwa mkono wake na kusimama kwenye sayari akiitazama ikiwaka angani kama kimondo. Baba yake Spock anamkumbusha gharama hiyo kwa kuitaja, mwana na chombo, na Kirk anajibu kwamba asingejaribu, angepoteza roho yake. Filamu yenyewe haiifikii ya pili, sikatai. Ila kifo hakikufutwa bure. Kilinunuliwa kwa vifo vingine.

Sasa weka pembeni Star Trek Into Darkness ya mwaka 2013, iliyoongozwa na J.J. Abrams, yenye waigizaji wapya wakiwaonyesha Kirk na Spock wakiwa vijana. Khan yumo. Chumba cha injini kimo, mionzi imo, kioo kimo, viganja vimo. Wamebadilishana tu nafasi: Kirk ndiye anayekufa, Spock analia nje. Kila kitu kimenakiliwa isipokuwa ile miaka. Vijana hawa bado ni wageni kwa wenzao, na sisi ndio kwanza tumewaona kwenye filamu moja. Halafu, bado hatujapangusa macho, McCoy anagundua kwamba damu ya Khan inafufua wafu, na Kirk anaamka hospitalini. Hakuna aliyelipa chochote. Mbaya zaidi, dawa ya kifo sasa imo ndani ya hadithi, na kila atakayekufa baadaye una haki ya kuuliza kwa nini hawamchomi sindano.

Upande mwingine kabisa kuna Alien 3 ya mwaka 1992. Filamu iliyotangulia, ya 1986, ilimfanya stelingi wake, Ripley, apigane kufa na kupona kumwokoa mtoto, Newt. Ya tatu inaanza kwa kutuambia mtoto yule amekufa, na askari Hicks pia, chombo chao kilipoanguka wakiwa usingizini. Huo ni ujasiri, hakuna anayeweza kukataa. Ila ni ule ujasiri wa rasimu ya kwanza ya Sowards: ua mapema, washtue, endelea. Kifo kinatokea kabla hadithi haijaanza kudai kitu, na matokeo yake kinatafuna filamu iliyopita badala ya kuilisha hii mpya. Watu waliompenda Newt waliumia, na jeraha lao halikufanyiwa kazi yoyote.

Star Wars nayo, kati ya 2015 na 2019, ilionyesha kinachotokea pale anayevunja na anayejenga wanapokuwa watu wawili wasiokubaliana. Filamu ya Rian Johnson ya mwaka 2017 ilisema wazazi wa Rey, stelingi wa filamu hizo, hawakuwa watu wa maana yoyote, na uamuzi ule niliupenda sana, kwa sababu ulimlazimisha Rey ajijibu mwenyewe yeye ni nani. Iliyofuata, Abrams akiwa amerudi kwenye usukani, ikamfanya mjukuu wa Palpatine, adui mkuu wa zamani. Mtu anaweza kupendelea lolote kati ya majibu hayo mawili. Kinachouma ni kwamba la kwanza liliwekwa halafu likaondolewa bila mhusika yeyote kupungukiwa na kitu.

Turudi kwa Spock, kwa sababu malipo yake hayakuishia kwenye filamu ya tatu. Katika ya nne, ya mwaka 1986, Spock aliyefufuka hajakamilika. Elimu yake imerudi yote, mwenyewe bado. Mwanzoni anajipima mbele ya kompyuta inayomrushia maswali mazito ya sayansi na historia, anayajibu yote mfululizo. Kisha kompyuta inamuuliza: unajisikiaje? Anakwama. Anasema swali halielewi. Mama yake, ambaye ni binadamu, anamwambia kwamba hisia zitarudi, na kompyuta inajua yeye ni nusu binadamu.

Kisha inakuja filamu nzima yenye vichekesho na nyangumi, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani Kaskazini, na mtazamaji anaweza kabisa kulisahau swali hilo. Waandishi hawakulisahau. Mwishoni kabisa baba yake, mtu mkavu kuliko hata yeye, anamuaga na kumuuliza kama ana ujumbe wowote kwa mama. Spock anafikiri kidogo. Anasema ndiyo: mwambie najisikia vizuri.